Chupa Tatu za Bwana Nukta

Bwana Nukta alisikia harufu ya nyama inaungua, akapaza sauti kuelekea uani.

"Mama watoto! Asubuhi yote hii unakaanga nini?"

"Nikaange nini, na mimi naanika nguo?" mkewe akajibu. "Hata nyama yenyewe haijanunuliwa. Wewe umeamka na njaa."

Basi ni nani anayeunguza? Jirani? Bwana Nukta alisimama palepale jikoni, shingo kainyoosha, ananusa kulia, ananusa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia mezani, mahali alipouweka wakati akitafuta kikombe. Aliponusa kuelekea mkono wake mwenyewe ndipo alipoelewa. Kidole cha shahada kilikuwa kimeegemea birika lililotoka motoni sasa hivi, kinaungua, na hakikusema kitu.

Akaurusha mkono kama aliyeshika nyoka. Kisha akasubiri maumivu. Maumivu hayakuja.

"Mungu wangu," akanong'ona.

Mkewe akaingia na beseni tupu. "Umesemaje?"

"Nimesema chai imekolea."

Haya. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku hiyo, na jua lilikuwa halijafika hata juu ya paa.

Ngoja nikueleze kwa nini mtu mzima mwenye mvi zake atetemeke kwa ajili ya kidole kimoja. Mimi na wewe tukiungua kidole tunakinyonya, tunalaani, tunasahau. Bwana Nukta surua ilimnyang'anya macho angali mtoto mdogo, na tangu hapo vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake. Na si macho ya kutafutia kikombe tu. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda kinachochapa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya vinundu kwenye karatasi nene ambayo wasioona huyasoma kwa kupapasa. Kazi hiyo hufanywa na wawili. Mwenye macho husoma kwa sauti kitabu cha kawaida, na asiyeona hupitisha vidole kwenye karatasi ya nundu, mstari kwa mstari, masikio na vidole vikienda pamoja. Kikikosekana kinundu kimoja tu, anasema, "Simama." Hilo "simama" la Bwana Nukta liliogopwa kiwanda kizima. Mafundi wa mashine ndio waliombandika jina la Nukta, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mtu kama huyo, ukimwambia vidole vyake vimekufa ganzi, umemwambia anapofuka mara ya pili.

Na ganzi haikuanza siku ya birika, usidanganyike. Ilianzia kwenye nyayo. Akadhani ni viatu, akabadilisha viatu. Sakafu ikawa kama ina godoro juu yake. Wewe mwenye macho ukipoteza nyayo, macho yatakuambia umesimama wapi. Yeye alikuwa na nyayo na fimbo yake nyeupe, basi. Siku moja njiani alikosa ukingo wa barabara alioupanda na kuushuka miaka nenda miaka rudi, akaanguka kifudifudi, na muuza magazeti akamwinua huku akimwambia, "Pole, mzee, leo umekunywa kidogo, eh?" Bwana Nukta akacheka naye. Afadhali waseme amelewa.

Kwa nini hakwenda hospitali? Kwa sababu ya kaka yake. Kaka yake mkubwa alianza hivihivi, kidole cha mguu kimekufa ganzi, akaenda hospitali anatembea. Wakamwambia ni kisukari kilichokaa mwilini muda mrefu bila yeye kujua. Wakakata kidole, wakakata mguu, mwisho wakamrudisha nyumbani ndani ya sanduku. Bwana Nukta ndiye aliyeushika ule mguu uliobaki siku ya kumwosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua vizuri sana, maana aliwahi kumwambia kaka yake mwenyewe.

Akaona ajitibu. Na dawa za kujitibu hazikuwa mbali, zilikuwa mle mle nyumbani, tena alipewa kwa mapenzi.

Chupa ya kwanza aliletewa na mkewe, zamani kabla ya ganzi, alipolalamika mgongo kwa ajili ya kukaa kitini kutwa. "Hii ni ya mishipa," mkewe alisema. "Wa duka la dawa ameniambia inatuliza mishipa yote. Kunywa, mzee wangu, usinibishie." Hakubisha. Nani abishe akipewa dawa na mkewe?

Chupa ya pili ilitoka kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa kinyozi, na wateja walimwita Profesa kwa sababu hakuna jambo chini ya jua ambalo hakuwa na maelezo yake. Alimnyoa Bwana Nukta bure kila alipopita, na siku hiyo wembe ulikuwa shingoni alipoanza somo.

"Shemeji, unajua mwili unashika kutu?"

"Mwili wa nani, wangu au wako?"

"Wa kila mtu! Msumari ukiuacha nje unafanya nini? Tufaha ukiling'ata ukaliacha mezani, si linageuka rangi? Ni hewa hiyo. Hewa hiyohiyo unayovuta inakula mwili kwa ndani, polepole. Sasa kuna hizi vitamini B. Zinaizuia ile kutu. Mtu anayefanya kazi ya vidole kama wewe, shemeji, wewe ndiye wa kwanza kuzihitaji."

"Na zikizidi?"

"Zikizidi unazikojoa! Zinayeyuka kwenye maji, zinatoka zenyewe. Hazina neno." Akamtia chupa mfukoni. "Lakini dada usimwambie. Atasema najifanya daktari."

Chupa ya tatu ni ya binti yake, fundi umeme, mtoto aliyepanda nguzo ambazo wanaume walizikimbia. Alimkuta baba yake amesinzia mezani jioni, kesho yake akaja na chupa. "Ni ya nguvu, Baba. Wenzangu kazini wote wanakunywa. Usimwambie Mama, atasema nakudekeza."

Basi mzee akawa na chupa tatu, siri mbili, na kichwa kikubwa. Si jambo dogo kupendwa na watu watatu kwa mpigo. Chupa zenyewe zilikuwa sawasawa kwa umbo, zile za plastiki zenye kifuniko cha kuzungusha, akazibandikia vipande vya karatasi ya nundu alivyoviandika mwenyewe: *mishipa*, *kutu*, *nguvu*. Moja aliiweka dirishani, moja kwenye mkoba wa kazini, moja nyuma ya redio. Akameza zote kila siku, maana kuacha moja ni kama kumkataa aliyeitoa. Na ganzi ilipoanza, akaongeza. Kidonge kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Kadiri vidole vilivyonyamaza ndivyo alivyozidi kumeza.

Siku ile ya birika alikwenda kazini amefunga kidole kwa kitambaa.

"Kimekuwaje?" akauliza Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwenzake wa mezani, mama mstaafu wa kufundisha, sauti yake ya darasani bado haijastaafu. Yeye ndiye aliyesoma, Bwana Nukta akapapasa. Walikuwa wamekaa meza moja muda mrefu kiasi kwamba alijua kwa kusikia pumzi yake kama amegombana na mkwewe.

"Nimejikata na kisu."

"Wewe na kisu tangu lini?"

"Tangu leo. Soma, Mwalimu, kazi haingoji."

Walikuwa kwenye kitabu cha sayansi cha shule za msingi, sura ya vyakula. Mwalimu akasafisha koo, akaanza. Bwana Nukta akaweka vidole juu ya karatasi. Hapakuwa na kitu. Karatasi ilikuwa tupu kama meza iliyopanguswa. Akabonyeza kwa nguvu, akajaribu kidole cha kati, akajaribu cha pete. Kitu kama mchanga mchanga, mbali sana, halafu hakuna. Wakati huo Mwalimu anasoma, na sauti yake haimsubiri mtu.

Akafanya alichokuwa akikifanya wiki zote hizo. Alisogeza mikono. Aliisogeza kwa mwendo uleule alioutumia maisha yake yote, kushoto kwenda kulia, kushuka, kushoto kwenda kulia, akifuata sauti ya Mwalimu, na kila mwisho wa mstari akasema, "Sawa."

"Vitamini za kundi B hupatikana katika nafaka zisizokobolewa," akasoma Mwalimu.

"Sawa."

"Maini, mayai, maziwa na kunde. Kazi yake moja ni..."

"Sawa."

"Kuukinga mwili na uharibifu ulio kama kutu."

"Sawa."

Bwana Nukta akasubiri. Akasikia kitabu kikifungwa polepole, kiti kikivutwa, na harufu ya mafuta ya nywele ya Mwalimu ikamkaribia.

"Bwana Nukta," akasema, safari hii si kwa sauti ya darasani. "Ule mstari wa maini na mayai haupo."

"Haupo wapi?"

"Kwenye karatasi yako. Nilimwambia fundi auruke makusudi. Umepapasa mahali ambapo hapana kitu, ukaniambia sawa."

Mikono yake ilibaki juu ya karatasi, na kwa mara ya kwanza aliionea aibu.

"Tangu lini?" Mwalimu akauliza.

"Ni uchovu tu."

"Usinifanye mtoto. Vitabu vilivyotoka mwezi huu vina makosa ambayo zamani ungeyaona usingizini. Nimeyasahihisha kimyakimya nikidhani ni bahati mbaya. Watoto wasioona watasoma vitabu hivi, Bwana Nukta. Hawana mwingine wa kuwaambia simama." Akavuta pumzi. "Nenda hospitali. Nitamwambia msimamizi una homa, lakini sitamwambia hivyo milele."

Akaikunja ile karatasi yenye kasoro, akaitia kwenye mkoba wa Bwana Nukta. "Ichukue hii. Siku utakayoona mahali mstari ulipokosekana, nipigie simu, uje tukae mezani. Kabla ya hapo usije."

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Anachokumbuka ni kwamba nyumba ilikuwa kimya, mkewe yuko sokoni, na yeye amekaa mezani. Kaka yake alianza hivihivi. Hospitali? Aende akakatwe vidole? Kaka alibaki na mikono. Yeye akikatwa mikono abaki na nini, masikio?

Hapana. Atajitibu kwa nguvu kuliko alivyojitibu. Alikusanya chupa zote tatu, ya dirishani, ya kwenye mkoba, ya nyuma ya redio, akazipanga mbele yake. Ataanza na ya mishipa. Atameza kiganja kizima. Mishipa ndiyo inayokufa, si ndivyo? Basi dawa ya mishipa.

Akaishika ya kwanza, akapapasa karatasi aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe. Kimya. Akaishika ya pili. Kimya. Ya tatu, vilevile. Jamani, maneno aliyoyaandika yeye! Akalia, na hakuona sababu ya kujizuia, maana hapakuwa na mtu.

Alipomaliza kulia akapangusa pua, na pua ndiyo iliyomkumbusha kwamba bado ipo. Vidole vimekufa, lakini ile pua iliyomwambia kuhusu birika ilikuwa haijafa. Vidonge vina harufu. Atazinusa, atajua ipi ni ipi.

Akafungua chupa ya kwanza. Harufu ikapanda: nzito, kama hamira iliyochachuka, yenye kauchungu kadogo. Akaifunga. Akafungua ya pili, tayari kwa harufu nyingine. Hamira iliyochachuka, na kauchungu kadogo. Akadhani pua imeshika ya kwanza. Akatoka hadi mlangoni, akavuta hewa ya nje, akarudi. Akafungua ya tatu.

Hamira. Kauchungu kadogo.

Akazifungua zote pamoja, akainama, ananusa moja baada ya nyingine, mbele na nyuma. Ya mishipa, ya kutu, ya nguvu. Ilikuwa dawa moja. Watu watatu waliompenda walikuwa wakimpa kitu kilekile, kila mmoja bila kujua ya mwenzake, na yeye alikuwa akikimeza mara tatu, tena kwa kuongeza. Ile harufu aliikumbuka mahali pengine pia: chooni, kila asubuhi. Akarudi nyuma kwa mawazo, taratibu, tarehe zikijipanga kichwani zenyewe. Chupa ya tatu ilikuja lini? Na nyayo zilianza lini?

Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkewe alimkuta hivyo, amekaa mbele ya chupa tatu zilizo wazi. Kikapu kilianguka, nyanya zikabiringika sakafuni.

"Unataka kujiua?"

"Nadhani nimekuwa nikijiua bila kutaka," akasema Bwana Nukta, na akamweleza yote, birika, barabara, mstari wa maini na mayai. Alipofika kwenye chupa, mkewe akaishika iliyokuwa yake.

"Mimi ndiye niliyekupa," akasema. "Kwa mkono wangu. Na nikakwambia usinibishie."

"Hata mdogo wako alinipa. Hata binti yako."

"Hata wao?"

"Hata wao. Nimependwa vibaya sana, mama watoto."

Hospitalini walikwenda wote, maana hakuna aliyekubali kubaki. Profesa alikuja na joho lake la kinyozi. Daktari, mama mwenye sauti tulivu, alimchoma Bwana Nukta kidole kupima damu, naye hakuhisi sindano. Kisha akagonga chuma fulani kinachotetemeka, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu.

"Unasikia kinatetemeka?"

"Umeshakiweka?"

Hakuna aliyecheka. Walipokaa kusubiri majibu, Bwana Nukta alishika ukingo wa benchi na kumsikiliza kila aliyepita kwa magongo. Kaka yake pia aliwahi kukaa kwenye benchi.

"Kisukari huna," daktari akasema aliporudi, na mkewe akaachia pumzi. "Sasa nipeni hizo chupa." Akazisoma, moja, nyingine, nyingine. Akavisukuma vidonge kando. "Zote ni vitamini B, na zote zina B6 nyingi mno. Ukijumlisha na kuongeza kwako, umeimwagia mishipa ya fahamu kitu ambacho inakihitaji kwa kiasi kidogo tu."

"Lakini daktari," akadakia Profesa, "hizi si ndizo zinazozuia kutu ya mwili? Na zinazozidi si zinatoka kwenye mkojo?"

"Mjomba, nyamaza," binti akasema.

"Hapana, ameuliza vizuri. Ni kweli vitamini hizi zinausaidia mwili kujikinga na huo uharibifu mnaouita kutu, na chakula cha kawaida kwa kawaida kinatosha. Na nyingi huwa zinatoka. Hii B6 ukiimeza nyingi siku baada ya siku haitoki yote bila kuumiza. Cherehani nayo inapakwa mafuta isishike kutu. Lakini mimina debe zima uone nguo itatoka vipi."

Profesa alinyamaza, na wanaomjua wanasema ilikuwa mara ya kwanza.

"Vidole vitarudi?" Bwana Nukta akauliza. Aliuliza polepole, kwa sababu aliogopa swali likiisha jibu litakuja.

"Wengi hurudiwa, kwa miezi. Wengine si kikamilifu. Sitakuahidi nisichokijua. Lakini sikiliza hili: ukiacha vidonge, wiki za mwanzo unaweza kuwa na hali mbaya zaidi kabla ya nafuu. Usiogope ukarudi kwenye chupa."

Usiogope! Maneno hayo husemwa na mtu anayehisi sakafu.

Kweli ikawa mbaya zaidi. Ganzi ikapanda hadi vifundo vya mikono. Vifungo vya shati akafungwa na mkewe. Chooni alitembea kwa kushika ukuta, na ukuta wenyewe hakuwa na hakika nao. Akawa analala macho, maana alipolala chali bila kusogea hakujua miguu yake iko wapi, akalazimika kumwuliza mkewe. "Iko hapa," mkewe anasema, anaipapasa. "Yote miwili." Anashukuru, anasubiri kidogo, anauliza tena.

Siku moja hofu ikamshinda. Akajiambia daktari amekosea, kwamba vile vidonge ndivyo vilivyokuwa vikiizuia hali hii, na ndiyo maana alipoviacha mambo yameharibika. Ukiwa na hofu utapata hoja ya chochote. Chupa mkewe alikuwa amezimwaga shimoni, lakini si kila kidonge hukaa chupani. Akauchukua mkoba wa kazini, akaukung'uta juu ya kitanda na kuusikiliza. Vikadondoka vidonge kadhaa, vile alivyovitupia humo siku za haraka. Akavikusanya kwa ubavu wa mkono, akavisukumia kiganjani.

Akakiinua kiganja mdomoni, kisha akasita. Hakujua mkononi mna kimoja, au vinne, au hamna kitu. Alikuwa ameushika mkono wake kama mtu anavyoushika mkono wa maiti. Hiki ndicho kilichonifanya hivi, akasema moyoni, na mimi nakipeleka mdomoni nisichoweza hata kukihisi.

"Nakuona, mzee," mkewe akasema kutoka mlangoni. Hakufoka, hakusogea. "Vipo viwili."

Bwana Nukta akakipindua kiganja. Akasikia vikigonga sakafu, kimoja, cha pili, na mkewe akaja na ufagio.

Kuanzia hapo kazi yake ikawa kusubiri. Kila siku baada ya chakula aliitoa karatasi ya Mwalimu, akaikunjua mezani, akapitisha vidole. Tupu. Anaikunja. Kesho yake tena, tupu. Binti yake alimwomba aache, kwamba anajitesa. Profesa alikuja kumnyoa, akanyoa kimya, akasema tu, "Samahani, shemeji," na Bwana Nukta akamjibu, "Nyoa, usinikate," na wakaishia hapo. Miezi ikapita. Kiwandani wakaleta kijana wa kushika meza yake kwa muda, na lile "kwa muda" hakulipenda lilivyosemwa.

Halafu ikaja alasiri moja ya mvua. Binti alikuwa amepita kuwasalimia, akamimina chai na kuiweka mbele ya baba yake bila kusema. Bwana Nukta akanyoosha mkono kuitafuta karatasi, kidole cha shahada kikazama ndani ya kikombe.

"Aaah! Mama weee! Unanichemsha!"

Binti akapiga yowe, kikombe kikapinduka, mkewe akaja mbio na maji baridi. "Pole, pole sana, Baba, sikuangalia, pole..."

"Kimya!" Bwana Nukta alikuwa amekishika kidole kwa mkono mwingine, anapumua kwa nguvu. "Kimya kwanza. Inauma."

"Tuone, weka kwenye maji..."

"Mama watoto, hunisikii? Nimesema inauma! Inauma vibaya sana!" Na akaanza kucheka, machozi yanamshuka, huku akikizuia kidole kisitiwe kwenye maji baridi, akigombana nao kama mtoto anayekatazwa pipi.

Hawakumruhusu kugusa karatasi hadi kidole kilipopoa. Kisha akaikunjua. Vinundu vilikuwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili mlango umefungwa, lakini mtu alikuwepo. Akabonyeza. Akarudi nyuma. Akapata herufi, akaipoteza, akaipata. Mkewe na binti yake walisimama nyuma yake. Alichukua muda mrefu sana kwenye mistari michache, yeye ambaye zamani alimaliza ukurasa kabla Mwalimu hajameza mate. Alipofika mwisho wa mstari mmoja akashuka chini yake, akasimama. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Mpigieni Mwalimu simu," akasema.

Ikalia kidogo, ikapokelewa. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nani?"

"Mimi. Mwalimu, nina ukurasa hapa wa vyakula. Unasema nafaka zisizokobolewa, mkato, halafu moja kwa moja kuukinga mwili. Simama hapo. Maini na mayai yako wapi? Mnataka watoto wa watu wale wishwa mtupu?"

Upande wa pili akasikika mtu akipenga kamasi.

"Kesho saa mbili," Mwalimu akasema. "Usichelewe. Makosa yamejaa."